Ujiji na Wabeba Mkoba wa Pwani ya Tanganyika

Atokaye Dar es Salaam kwa gari la moshi hupita Morogoro, Dodoma na Tabora, na baada ya kilomita 1,250 hivi reli humwishia miguuni, kwani mbele yake hapana tena nchi kavu ya kuitandaza. Hapo ndipo Kigoma. Wadachi waliifikisha reli hiyo mwaka 1914, na mwaka uliofuata wakaishusha majini meli yao Graf von Götzen, iliyokuja kutoka kwao vipande vipande ndani ya masanduku. Mwaka 1916 wakaizamisha kwa mikono yao isitwaliwe na adui. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikaitwa Liemba. Msomaji na alihifadhi jina hilo, maana meli hiyo ina sehemu yake katika habari hii.

Ujiji yenyewe i mbali kidogo na stesheni, upande wa kusini, mwendo mfupi wa gari. Zamani Kigoma ilikuwa si kitu mbele ya Ujiji. Hapa ndipo ilipokoma njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Tabora. Hapa walifika Burton na Speke mwezi wa Februari 1858, na hapa Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Mpaka leo wageni hupelekwa kuoneshwa mnara wa mkutano ule na miembe ya mahali pale. Nami nalipelekwa. Nalitazama, nikapiga picha, kisha nikauliza njia ya kwenda mjini, maana miembe si iliyonitoa kwangu.

Mji ni wa Kiislamu, wa nyumba zenye baraza na misikiti isiyo mbali mmoja na mwingine. Wamo Waha, Wamanyema, Wabwari, watu ambao babu zao walitoka Pwani, na wengine ambao babu zao walivuka ziwa kutoka Kongo, wengi wao si kwa hiari, bali wakiwa na minyororo shingoni. Jambo hili wenyeji hawalifichi, wala hawalipendi kusemwa na mpita njia. Wote sasa ni watu wa Ujiji, na Kiswahili chao kina adabu ya kale ambayo mgeni huitambua tangu salamu ya kwanza.

Misafara ile ilileta nguo, shanga na dini. Ilileta maradhi pia. Livingstone alipokuwa Manyema mwaka 1870 aliandika habari za kipindupindu kilichofika huko ng'ambo ya ziwa kwa njia ya wafanya biashara. Yaani ugonjwa ulifuata njia ile ile iliyofuatwa na watu, hatua kwa hatua. Hilo halijabadilika. Lililobadilika ni kwamba siku hizi wako watu wanaoifuata njia ya ugonjwa kwa makusudi, ili waufikie kabla haujafika kwa jirani.

Hao ndio nilioandamana nao siku kumi na moja. Serikali huwaita wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Watu wa Kigoma wengi huwaita kwa ufupi "wahudumu". Mimi nimewaita wabeba mkoba, kwa sababu ya mkoba wanaotembea nao begani. Nalimwomba mmoja anifungulie wake barazani baada ya sala ya Alasiri. Mlikuwamo daftari kubwa lililochakaa pembe, kalamu mbili, pakiti za chumvi ya kuongezea maji mwilini, vidonge vya kutakasa maji ya kunywa, na utepe wa rangi tatu wa kupimia mkono wa mtoto: ukisoma kijani mtoto yu salama, ukisoma manjano ni wa kuangaliwa, ukisoma nyekundu apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Basi. Hamna sindano, hamna dawa kali. Mwenye mkoba hatibu. Yeye hugonga mlango, huuliza, huandika, hufundisha, kisha humsukuma mgonjwa aende kwa tabibu. Wengi wao wamefanya hivyo kwa miaka bila mshahara, wakipewa posho ya nauli pale palipokuwa na mradi, na mradi ukiisha hawapewi kitu.

Nalimwuliza huyo, kijana wa miaka kama thelathini, ugumu u wapi. Akacheka, akanionesha ziwa. "Tazama maji yale, kaka. Yang'aa kama kioo. Nani atakubali kuwa yana uchafu?"

Alisema kweli. Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470 penye shimo lake, na maji yake ni maangavu hata mtu aweza kuhesabu mawe chini ya mtumbwi. Mama achotaye maji hayo kwa ndoo haoni sababu ya kuyachemsha, hasa kuni zinapokuwa ghali. Lakini ufukweni ndipo watu waogapo, wafuapo, waoshapo vyombo, na watoto wajisaidiapo. Na katika konokono wa majini hukaa kijidudu cha kichocho, ambacho huingia mwilini kwa ngozi tu, bila ya mtu kunywa hata tone. Kipindupindu nacho chataka tone moja. Kwa hiyo nyumba baada ya nyumba nalisikia somo lile lile likitolewa kwa maneno yale yale: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo tangu choo cha kwanza, huku safari ya kituoni ikitengenezwa. Katika nyumba moja bibi mzee alilikariri somo hilo kabla mhudumu hajafumbua kinywa, kisha akamwuliza kama siku hiyo amekuja na jipya. Nikaona kwamba kufundisha kwa namna hii, kwa kurudia hata kuchosha, ndiko kufundisha kwenyewe.

Mtihani wao mkubwa ulikuwa mwezi wa Mei 2015. Burundi iliingia katika msukosuko baada ya Rais Nkurunziza kutangazwa kugombea kipindi cha tatu, na watu makumi elfu wakavuka mpaka wakajazana Kagunga, kijiji cha mwisho cha Tanzania upande wa kaskazini, kilichobanwa baina ya milima na maji. Hakuna barabara ya gari iliyofika hapo. Vyoo vilikuwa vya wanakijiji, si vya umma ule. Watu walilala ufukweni na kunywa maji ya ufukweni. Kipindupindu kikazuka. Hata tarehe 22 Mei Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilihesabu wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31. Ndipo Liemba, kikongwe wa miaka mia, akaitwa: kila safari akabeba watu kama mia sita kutoka Kagunga hadi Kigoma, na kwa kuwa Kagunga hapakuwa na gati, abiria walifikishwa melini kwa mitumbwi. Mjini uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika uligeuzwa mahali pa kuwapokea kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu.

Mama mmoja wa Ujiji aliyejitolea siku zile pamoja na watu wa Msalaba Mwekundu alinihadithia kwamba kazi yake ilikuwa moja tu: kusimama na ndoo ya maji yenye dawa na kuhakikisha kila mkono umenawa. "Saa kumi na mbili kwa siku, mwanangu, nasema *nawa, nawa*. Usiku nikilala naota nasema *nawa*." Nyumbani kwake majirani walimwogopa, wakamkataza kuchota maji mahali pamoja nao. Alivumilia. Mume wake, aliyekuwa akisikiliza pembeni akishona wavu, aliongeza kwamba yeye ndiye aliyechota maji mwezi ule mzima, na kwamba jambo hilo lazima liandikwe. Nimeliandika.

Sasa tulitazame jambo lenyewe kwa hesabu. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata yakaahidiana afya kwa wote; lakini ahadi huifikia Kigoma kama barua, imechelewa na imekunjamana. Uchunguzi wa malaria uliofanywa nchini mwaka 2017 uliona kwamba katika watoto wadogo wa mkoa wa Kigoma asilimia 24 walikuwa na vijidudu vya malaria, hali nchi nzima kwa wastani ilikuwa kama asilimia 7, na Unguja na Pemba haikutimia hata moja. Mtoto ni yule yule, mbu ni yule yule; tofauti ni mahali alipozaliwa. Hiyo ndiyo dhuluma isiyo na mtu wa kumnyoshea kidole, na kwa ajili hiyo ni rahisi kuizoea.

Watu wa mbali husema upesi: kosa ni la wenyewe, hupewa vyandarua wakaenda kuvulia samaki. Kweli, wako wanaofanya hivyo. Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi wa vijiji vya ziwa hili ulioona kwamba zaidi ya nyumba nane katika kila kumi zilitumia chandarua kuvulia. Lakini mwenye kuhukumu na aulize kwanza. Chandarua hupatikana bure, wavu wa dagaa ni mali ya mwenye mali. Na mama mwenye watoto watano wenye njaa leo, je, atafikiri homa ya mwezi ujao? Wabeba mkoba hawamgombezi. Nalimwona mmoja akikaa na mvuvi kitako, akimweleza kuwa tundu ndogo za chandarua hukomba mayai na vitoto vya samaki, kwa hiyo mwakani hapatakuwa na cha kuvua. Hakutaja malaria hata mara moja. Mvuvi yule, ambaye angecheka akiambiwa habari za mbu, alinyamaza kimya akiwaza.

Tofauti kama hizi si za kwetu tu, na ni vema vijana wetu wajue hivyo, wasije wakadhani kuwa ni laana ya Afrika. Katika Marekani, nchi yenye mahospitali ya kushangaza ulimwengu, mwaka 2023 wanawake weusi waliokufa kwa sababu ya uzazi walikuwa kama 50 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na wanawake weupe hawakufika 15. Watu weusi wa huko hawakungoja kuhurumiwa. Mwaka 1915 Booker T. Washington alianzisha huko Tuskegee juma la afya la watu weusi, ambapo kila mwaka makanisa, shule na vyama vya akina mama vilisafisha mitaa, vikachimba vyoo, vikafundisha malezi ya watoto wachanga. Juma hilo lilidumu mpaka mwaka 1951. Katika mji wa Los Angeles wanafunzi Waislamu wa utabibu walifungua mwaka 1996 zahanati iitwayo UMMA, katika mitaa ya masikini iliyokuwa imeungua kwa ghasia za mwaka 1992, wakawatibu watu wa kila dini. Na katika mji huo huo mwaka 2018 ilitangazwa habari ya vinyozi: wanaume weusi wasiopenda kwenda hospitali walipimwa presha na kinyozi wao, mfamasia akawafuata pale pale penye kiti cha kunyolea akawapa dawa, na presha zao zikashuka kwa kiasi kikubwa. Nilipomsimulia habari hii yule kijana wa mkoba alipiga paja. "Kumbe ni sisi," akasema. "Sisi twaenda penye kutengeneza nyavu."

Na msikitini pia. Mwezi wa Septemba 2023 matone ya chanjo ya polio yalitolewa katika mikoa sita, Kigoma ikiwamo, baada ya virusi vyake kuonekana Rukwa. Ikaenea minong'ono, kama kawaida, kwamba matone yale yana jambo. Imamu wa msikiti mmoja, baada ya sala ya Ijumaa, hakutoa hotuba ndefu. Alimwita mjukuu wake mwenyewe, akamkalisha mbele ya safu, akamfumbua kinywa, mwenye mkoba akatia matone mawili. Waliokuwako waliniambia kwamba jioni ile akina mama walipanga mstari. Sijui kama yuko daktari awezaye kusema maneno yenye nguvu kuliko hayo.

Siku ya saba nalipanda boti Kibirizi, bandari ya wavuvi iliyo kaskazini kidogo ya mji, penye harufu ya dagaa wanaoanikwa na kelele za wachukuzi. Boti ilijaa magunia ya unga, kreti za soda, kuku na watu. Tulifuata ufuko kwenda kaskazini, milima kuume kwetu, tukaipita misitu ya Gombe alikofika Jane Goodall mwaka 1960 kuchunguza sokwe. (Jumuiya yake ilianza mwaka 1994 mpango uitwao TACARE katika vijiji vya jirani, na mpango huo haukukomea kwenye miti: ulijua kwamba mtu mgonjwa hawezi kuombwa ahifadhi msitu. Upande wa kusini, karibu na Mahale, mpango wa Tuungane ulikuja na wazo kama hilo.) Baada ya saa kadhaa tulishuka katika kijiji ambacho sitakitaja, kwa ombi la wenyeji.

Huko nalikaribishwa na mama wa makamo aliyebeba mkoba kwa miaka kumi na tisa. Usiku, baada ya kula ugali wa muhogo na migebuka, alinieleza jambo lililomtia katika shughuli ya pili, iliyo kubwa kuliko mkoba.

Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawaifuati taa, na boti hulala mchangani kwa siku nyingi. Siku hizo fedha huadimika kijijini. Miaka mingi iliyopita, usiku wa mwezi mpevu, mwanamke aliyekuwa na uchungu wa kuzaa alianza kutoka damu. Boti zilikuwapo, kumi na zaidi. Injini zilikuwapo. Mafuta hayakuwapo, na aliyekuwa nayo kidogo alitaka alipwe kwanza. Mama wa mkoba alikwenda nyumba kwa nyumba akikusanya shilingi. Alipotimiza bei kulikuwa kukipambazuka. Walimpakia. Alifariki wakiwa bado wako mbele ya Gombe.

"Mwenye mafuta si mtu mbaya," akaniambia. "Analia mpaka leo. Yeye alidhani tunatania bei, kama siku zote."

Siku ya arubaini aliwaita wanawake wa kijiji. Wakakubaliana kuwa kila anayeanika dagaa, siku za giza, atoe kibaba kimoja katika kila gunia. Dagaa hizo ziuzwe Kibirizi, na fedha yake inunue mafuta ya petroli yakae katika madumu mawili ndani ya kibanda kilichofungwa, mbali na nyumba. Ufunguo ashike mtu asiye na boti wala duka. Mafuta hayo hayauzwi, hayaazimwi, hata na mwenyekiti. Ni ya mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto mwenye degedege na aliyeumia. Zamu za wavuvi wa kuendesha zimeandikwa kwa miezi, na mwenye zamu hatakiwi kuuliza bei wala kuona nani mgonjwa. Hutia injini akaondoka. Katika daftari alilonionesha zilikuwamo safari arubaini na tatu. Nalipofunua kurasa nikaona mahali pawili ameandika jina, kisha hakuandika "alirudi".

Hapa nalimkosea. Nalimsifu sana, kwa maneno marefu ya mtu wa mjini, nikasema kujitolea kwake ni mfano kwa taifa. Alininyamazia kitambo. Kisha akasema: "Mwanangu, mimi nimejitolea kwa kuwa hapakuwa na mtu. Usiandike kwamba ndivyo inavyotakiwa iwe."

Neno hilo limenikaa. Twapenda sana habari za hisani, nasi wenye magazeti twazipenda kuliko wote, kwa sababu hisani ya masikini haimgharimu msomaji kitu. Mwezi wa Januari 2024 aliyekuwa Makamu wa Rais wakati ule, Dakta Philip Mpango, ambaye ni mwana wa Kigoma hii hii, alizindua mpango wa serikali wa kuwafundisha wahudumu wa jamii 137,294 katika miaka mitano na kuwapa posho. Ni jambo jema na la haki. Lakini mama yule ana hofu yake: kwamba watachaguliwa vijana wenye vyeti, na yeye aliyesoma mpaka darasa la saba, ajuaye kila tumbo la mzazi na kila mtoto dhaifu wa kijiji kile, ataambiwa asante. Hakuniomba nimsemee. Nasema kwa hiari yangu. Na iko hofu nyingine isiyo ya mtu mmoja. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Kwa samaki ni heri, na wavuvi wengi waliniambia hivyo wenyewe. Lakini miezi mitatu bila dagaa ni miezi mitatu bila kibaba, na madumu hayajijazi. Mwaka ule wanawake waliuza vitenge vyao.

Nchi nzima, tusikanushe, imepiga hatua: uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Hiyo ni nema kubwa. Hata hivyo wastani ni kitu cha ajabu. Hauna boti, wala haungoji mwezi uchwee.

Usiku wa kuamkia safari yangu ya kurudi niliamshwa na sauti za watu ufukweni. Ilikuwa kama saa nane. Mbali ziwani taa za wavuvi zilikuwa zimetanda mstari mrefu, na karibu, ndani ya maji yaliyofika magotini, wanaume wanne walikuwa wameshika boti isichezecheze huku msichana akipandishwa, amefunikwa kanga mbili, mkwe wake nyuma yake na kikapu. Uchungu ulikuwa umeanza mapema, na mkunga wa zahanati alikuwa ameona mtoto amelala vibaya. Hapana aliyepiga kelele. Mama wa mkoba alisimama kando na kurunzi mdomoni, daftari juu ya goti, akiandika lita ngapi zimetoka dumu la kwanza na ngapi zimebaki. Injini ikakohoa mara mbili, ikashika. Alitazama boti mpaka ikapita jabali la kwanza, akafunga kibanda, akanipa ufunguo niushike wakati akitawadha, kwa kuwa, alisema, usingizi hautarudi tena na Alfajiri haiko mbali.